Sapu, kurudia mwaka na disko kwenye udaktari wa meno: mwongozo kamili kwa mwanafunzi

Ukifuatilia kesi ya mwanafunzi wa meno aliyedisko (aliyeondolewa chuoni), mara nyingi utakuta mlango ulikuwa wazi na ulifungwa kabla hajaufikia. Alikuwa na cheti cha hospitali lakini alikipeleka baada ya matokeo. Alikuwa na haki ya kuomba mtihani wake upitiwe upya, ila siku za kuomba zilipita akiwa kijijini anaogopa kumwambia baba. Vyuo huamua kwa kuangalia karatasi iliyomo kwenye faili na tarehe iliyoandikwa juu yake. Ndiyo maana mwongozo huu unazungumzia karatasi na tarehe kuliko mbinu za kusoma.

Nitatumia zaidi utaratibu wa Tanzania, ambako chuo cha afya cha Muhimbili (MUHAS) kimefundisha madaktari wa meno tangu 1979, na nitagusa Kenya kidogo. Kanuni hutofautiana kati ya chuo na chuo, na hubadilika. Pale ninaposema “angalia kanuni za chuo chako”, fungua kweli.

Jua unavyopimwa

Shahada ya udaktari wa meno ni miaka mitano, na baada yake mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini kabla ya usajili kamili. Miaka ya mwanzo unasoma anatomia, fiziolojia na bayokemia, mara nyingi ukumbi mmoja na wenzako wa udaktari wa binadamu. Halafu unaingia maabara ya meno ya bandia, kisha kliniki yenye wagonjwa wa kweli.

Kwenye kozi nyingi za shahada Tanzania, alama 40 ni C na umepita. Kwenye tiba na meno, C inaanzia 50. Nairobi ni vivyo hivyo: kozi nyingi za chuo kikuu hupitia 40, meno na tiba 50. Rafiki yako wa ualimu akikwambia “mbona 46 umepita”, msamehe, yuko dunia nyingine.

Alama zako zina sehemu mbili: koswaki (majaribio na kazi za muhula) na UE (mtihani wa mwisho wa chuo). Vyuo vingi vina kiwango cha chini cha koswaki, na usipokifikia huruhusiwi kuingia UE, au UE yako haihesabiwi. Mahudhurio nayo yana kiwango chake. Kuna watu wamezuiwa mlangoni pa chumba cha mtihani kwa ajili ya mahudhurio ya maabara, wala hawakuwa wamefeli chochote.

Kisha kuna GPA (wastani wa pointi zako), na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu wengi hawajui kuikokotoa mpaka yawakute. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, E ni 0. Pointi za kila somo unazizidisha kwa krediti zake, unajumlisha, unagawanya kwa jumla ya krediti. Krediti moja ni saa 10 za kazi, na mwaka wa kawaida una krediti 120.

Chukua mfano wa muhula wenye masomo manne: anatomia krediti 20, fiziolojia 15, bayokemia 12, stadi za mawasiliano 5. Jumla 52. Umepata D ya anatomia, C ya fiziolojia, B ya bayokemia na A ya mawasiliano. Pointi ni 20, 30, 36 na 25, yaani 111. Gawanya kwa 52, unapata 2.1. Sasa badilisha kitu kimoja tu: anatomia iwe E badala ya D. Pointi zinashuka hadi 91, na GPA inakuwa 1.75. Katika mifano yote miwili umefeli somo moja lile lile, lakini kama kanuni za chuo chako zinasema mwenye GPA chini ya 2.0 haruhusiwi kufanya sapu (mtihani wa marudio wa somo ulilofeli), mmoja anarudi Septemba kufanya sapu na mwingine anafungasha mabegi. Ile A ya mawasiliano haikuweza kumwokoa kwa sababu ina krediti 5 tu. Kwa hiyo saa zako zigawe kwa uzito wa krediti. Na ukijua somo kubwa limekulemea, usilisuse. Kutoka E kwenda D si kupita, lakini kunaweza kukubakiza chuoni.

Kabla hujafeli chochote: tafuta majibu haya

Kitabu cha kanuni za mitihani hupatikana kwenye tovuti ya chuo au ofisi ya taaluma. Kisome wiki ya kwanza ya mwaka, uwe na majibu yafuatayo yameandikwa mahali:

- GPA ya chini ya kuruhusiwa sapu, na idadi ya juu ya masomo unayoweza kufanyia sapu kwa mkupuo mmoja.
- Ukifeli sapu unafanyaje: unabeba keri (unapanda mwaka huku ukidaiwa somo hilo), unarudia mwaka, au ni disko moja kwa moja? Kwenye meno, masomo mengi ya msingi hayaruhusu keri, kwa sababu huwezi kumchoma mgonjwa sindano ya ganzi ya taya la chini kama neva yenyewe huijui inapita wapi.
- Unaruhusiwa kurudia mwaka mara ngapi katika kozi nzima, na ukomo wa miaka ya kumaliza shahada ni upi.
- Siku ngapi za kuomba kupitiwa upya mtihani na kukata rufaa, na siku hizo zinaanza kuhesabiwa lini: matokeo yalipotangazwa, au ulipopokea barua?

Swali la mwisho limewaponza wengi kuliko yote. Mtu anahesabu tangu alipopata barua, kumbe chuo kinahesabu tangu matokeo yalipowekwa kwenye mfumo.

Ukiumwa au ukifiwa karibu na mtihani

Hapa ndipo naona watoto wa watu wakiangamia bila sababu. Kanuni karibu kila mahali ni hii: ukiingia chumba cha mtihani ukakaa, umekubali kwamba uko sawa kufanya. Ukifeli halafu ukasema ulikuwa na malaria, cheti chako kitasomwa kwa huruma na kuwekwa pembeni.

Ukiwa huwezi, andika barua ya kuomba kuahirisha mtihani kabla ya siku yake. Ipitishe kwa mkuu wa idara, iende kwa mkuu wa skuli (kitivo). Ambatisha cheti cha daktari, na kama umetibiwa nje ya hospitali ya chuo, kipeleke hospitali ya chuo wakithibitishe. Umefiwa? Barua ya mtendaji wa kata au kibali cha mazishi kinafaa, na Mshauri wa Wanafunzi anaweza kukuandikia maelezo. Ukikubaliwa, utafanya mtihani maalumu, ambao unahesabiwa kama mara ya kwanza: unaweza kupata A. Sapu haiko hivyo. Ukifaulu sapu, hata kama umepata 90, utaandikiwa C.

Omba nakala yenye muhuri wa “imepokelewa” na tarehe. Katibu muhtasi akikwambia “acha tu hapo mezani”, mwombe kwa adabu agonge muhuri kwenye nakala yako. Barua isiyo na muhuri, siku ya kikao, ni kama haikuandikwa.

Msongo wa mawazo nao ni ugonjwa. Kama hulali, hula, unatetemeka ukiingia maabara, nenda kitengo cha ushauri nasaha mapema ili uwe na faili. Kuahirisha mwaka kwa sababu za kiafya hakukuandiki kama mtu aliyefeli. Nimeona familia zinapinga hilo kwa kuogopa “kupoteza mwaka”, halafu zinapoteza kozi nzima.

Matokeo yametoka, umefeli

Matokeo unayoyaona kwanza huwa ni ya awali. Yanapita bodi ya skuli, kisha Seneti ndiyo inayaidhinisha. Kati ya hapo na Seneti una nafasi ndogo lakini ya kweli, itumie.

Siku ya kwanza, piga picha ya skrini ya matokeo yote. Linganisha koswaki iliyoandikwa na karatasi zako za majaribio. Makosa ya kunakili alama hutokea, hasa darasa likiwa kubwa. Ukikuta tofauti, nenda kwa mratibu wa somo ukiwa na karatasi mkononi. Hiyo ni kurekebisha kumbukumbu, na haihitaji rufaa.

Kupitiwa upya mtihani ni jambo lingine. Unalipa ada, karatasi inasahihishwa na mtu mwingine. Lipa kama uko alama chache chini ya mstari na una sababu ya kuamini kuna swali halikusahihishwa. Kama una 31, hiyo hela inunulie chakula wakati wa kusomea sapu.

Maandalizi ya sapu ya meno yana ugumu wake. Mitihani ya tiba na meno ina sehemu ya nadharia, ya vitendo na ya mdomo, na kwenye baadhi ya masomo ni lazima upite kila sehemu. Muulize mratibu: nimefeli sehemu ipi hasa? Mwanafunzi anayejifungia na vitabu wiki sita ilhali alianguka kwenye kutambua mifupa na slaidi amefanya kazi ya bure. Omba ruhusa ya kuingia maabara wakati wa likizo, na uiombe kwa barua.

Kliniki: kufeli kwa aina nyingine

Ukifika mwaka wa tatu na kuendelea, unaweza kujua kila kitu kwenye kitabu na bado ukabaki. Kila zamu ina idadi ya kazi unazotakiwa kukamilisha: kung’oa, kuziba, kusafisha ugaga, kutengeneza meno ya bandia, matibabu ya mzizi. Kila kazi inasainiwa na msimamizi kwenye logibuku (daftari la kazi zako za kliniki).

Tuangalie tundu moja la kuziba, jinsi linavyosahihishwa. Umechimba jino la plastiki kwenye kichwa cha bandia. Mwalimu anakuja na probu (kifaa chembamba chenye ncha) na kioo, hasemi kitu. Anapitisha ncha ya probu kwenye kuta kuona kama ziko laini, anapima kina, anaangalia kama umegusa jino la jirani. Mkwaruzo mdogo kwenye jino la jirani ambao wewe hukuuona unakushushia alama. Ukizama mpaka kwenye kiini cha jino pasipotakiwa, kazi hiyo imekwisha, anza jino jipya. Kwa mgonjwa hakuna jino jipya, ndiyo maana hawakuonei huruma kwenye plastiki, na mimi naona wako sahihi.

Tatizo kubwa la kliniki ni wagonjwa. Wanafunzi wanaongoja mgonjwa wa meno ya bandia mpaka wiki mbili za mwisho wanakuta kila mtu anamtafuta mgonjwa huyo huyo. Meno ya bandia yanahitaji miadi mingi: kuchukua chapa, kupima mng’ato, kujaribisha yakiwa ya nta, kukabidhi, kurekebisha panapochubua. Mgonjwa akikosa miadi moja, ratiba yako imeporomoka. Anza hao kwanza, kung’oa utakupata tu, foleni ipo kila asubuhi.

Wagonjwa wakikosekana bila kosa lako, au kiti kimeharibika mwezi mzima, andika. Barua pepe fupi kwa mratibu wa kliniki: tarehe fulani kiti hakikufanya kazi, nimekamilisha kazi kadhaa kati ya zinazotakiwa, naomba nipangiwe zamu ya ziada. Mwisho wa zamu ukiwa pungufu, barua pepe hizo ndizo zitakazotofautisha “hakujituma” na “hakupewa nafasi”.

Na tafadhali, usiguse saini ya msimamizi. Kughushi saini kwenye logibuku kunakutoa kwenye mambo ya taaluma na kukuingiza kwenye udanganyifu. Mwanafunzi mwenye upungufu wa kazi tatu anaongezewa zamu; mwenye saini tatu za kughushi anafukuzwa, na anastahili, kwa sababu hiyo saini ilikuwa inasema mgonjwa fulani ametibiwa salama.

Disko ya taaluma na disko ya nidhamu

Usizichanganye, maana utetezi wake ni tofauti. Ya taaluma inatokana na alama: hesabu imefanyika, kanuni imesema. Hapo huitwi kikao cha kujieleza; unapewa barua, nawe unakata rufaa. Ya nidhamu inatokana na tendo: kukamatwa na kibomu (karatasi ya majibu uliyoingia nayo kwa siri), kumfanyia mwenzio mtihani, kughushi, kutibu watu mtaani bila usajili. Hapa lazima uelezwe kosa kwa maandishi na upewe nafasi ya kujitetea. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale chombo kinapoamua haki zake, pamoja na haki ya kukata rufaa.

Ukikamatwa na msimamizi wa mtihani, atakupa fomu ujaze. Soma kabla ya kusaini. Andika maelezo yako mwenyewe, mafupi, ya kweli. Usiandike kwa hasira na usikubali kosa ambalo hukulifanya ili “yaishe haraka”. Serikali ya wanafunzi huwa na uwakilishi kwenye vikao vingi vya nidhamu, watafute kabla ya kikao.

Kuandika rufaa inayosomwa

Rufaa nyingi zinakufa kwa sababu zimeandikwa kama maombi ya huruma. “Mimi ni mtoto wa mjane, naomba nifikiriwe” ni kweli na inauma, lakini wajumbe wanahitaji kifungu cha kushikia. Vinavyoshikika ni vichache: utaratibu ulikiukwa, alama zilikosewa, au kulikuwa na hali nzito yenye ushahidi ambayo chuo hakikuwa nayo mezani kilipoamua, na una maelezo ya kwa nini haikufika mapema. Kubishana na mwalimu kwamba jibu lako lilistahili alama saba badala ya nne hakutakufikisha mbali.

Anza na namba ya usajili, kozi, mwaka na tarehe ya barua ya disko. Aya inayofuata itaje kifungu cha kanuni na unachoomba. Kwa mfano:

“Kifungu (namba yake) cha kanuni za mitihani kinataka koswaki itangazwe kabla ya mtihani wa mwisho. Koswaki ya patholojia ya kinywa ilitangazwa siku mbili baada ya mtihani (kiambatisho 1). Nakala ya jaribio la pili inaonyesha alama 34, ilhali kwenye mfumo zimeandikwa 24 (kiambatisho 2). Naomba koswaki irekebishwe, na hadhi yangu ya kuruhusiwa sapu ihesabiwe upya.”

Kisha orodhesha viambatisho kwa namba. Ukurasa mmoja, miwili ikizidi sana. Peleka kupitia ngazi zilizoandikwa kwenye kanuni, nakala kwa Mshauri wa Wanafunzi, muhuri kwenye nakala yako. Lugha iwe ile ambayo ofisi zenu hutumia. Vyuo vingi ni Kiingereza, basi mpe mtu mwenye kalamu nzuri aipitie.

Omba zaidi ya kitu kimoja, kwa mpangilio: kwanza kurekebishwa alama, ikishindikana sapu, ikishindikana kurudia mwaka. Kikao kikikataa la kwanza kinaweza kukubali la tatu.

Ngazi za ndani zikiisha, Tanzania unaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba mapitio ya uamuzi. Ombi la kibali cha kufungua linatakiwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi, kwa hiyo usingoje. Mahakama huangalia kama utaratibu ulifuatwa, haisahihishi mitihani. Kenya wana msingi wenye nguvu zaidi: Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 na sheria ya mwaka 2015 ya hatua za kiutawala zinampa mtu haki ya kupewa sababu za uamuzi kwa maandishi. Mwanafunzi wa Nairobi au Eldoret aliyeandikiwa mstari mmoja tu aanze kwa kuomba sababu hizo.

Bumu na deni

Mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) unakwenda na kupanda darasa. Ukirudia mwaka kwa kufeli, jiandae kwamba mwaka huo bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) halitaingia na ada utaitafuta mwenyewe. Waambie nyumbani mapema, kabla ya kukubali kurudia, mjue hela inatoka wapi. Ukiahirisha kwa ugonjwa, pitia kwa afisa mikopo na barua ya kibali ili mkopo usimamishwe ipasavyo na uendelee ukirudi. Wanaosahau hatua hii hukuta majina yao hayapo kwenye orodha.

Ukidisko, deni halifutwi. Marejesho yanaanza miezi 24 baada ya kuhitimu au kukatisha masomo, na ukiajiriwa ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi.

Kama rufaa imekataliwa

Fanya klirensi, yaani kila idara ikusainie kwamba haikudai. Inachosha kuzunguka maktaba na maabara kusainiwa wakati moyo umevunjika, lakini bila hiyo hutapewa hati ya matokeo, na hati hiyo ndiyo mtaji wako. Masomo uliyofaulu yanaweza kuhamishiwa kozi nyingine ya afya kwa utaratibu wa krediti, chuo kinachokupokea kikikubali. Aliyefika mbali kwenye anatomia na bayokemia ana cha kuombea maabara ya tiba, famasia au afya ya jamii. Anayependa meno kweli aangalie diploma ya tabibu wa meno, miaka mitatu chini ya NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi). Ni watu wanaong’oa na kuziba kwenye vituo vya afya ambako daktari wa meno hafiki, na wanaweza kujiendeleza baadaye.

Unapoomba chuo kipya, sema kweli kwamba uliwahi kusajiliwa na ukaondolewa, na ambatisha barua ya disko. Maombi ya vyuo na ya mkopo yote yanaingizwa kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, na namba hiyo ndiyo iliyokusajili mara ya kwanza. Jina lako likitokea mara mbili kwenye mfumo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) bila maelezo, udahili mpya unakwama hata kama chuo kimeshakukubali.